Rulo Arobaini na Mbili za Shaba

Sura ya Tisa

"Nilimsikia kwa masikio yangu mwenyewe."

Inspekta Houda Rajabu alikuwa ameisoma sentensi hiyo mara ishirini tangu Jumatatu, na kila alipoisoma ilimkera zaidi. Ilikuwa katika ukurasa wa pili wa maelezo ya Bwana Hugues, aliyekuwa mkurugenzi wa uzalishaji wa kiwanda cha nguo cha Teximbo. Ndiyo sentensi iliyokuwa ikimweka mzee Tajudini gerezani, huu ukiwa mwezi wake wa tano humo, na Jumatatu ijayo faili lingefika mahakamani. Leo ilikuwa Alhamisi.

Kesi yenyewe ilielezeka kwa pumzi moja. Teximbo ilikuwa na rulo arobaini na mbili za shaba, nzito kama mawe ya kusagia, zilizochongwa maua, ndege na vikapu. Kitambaa cheupe kikipita chini ya rulo, kinatoka upande wa pili kimekuwa kitenge. Bila rulo, kiwanda kinabaki kufuma mashuka. Tajudini, mtunza stoo, alizilinda miaka yote kumi na minne ambayo kiwanda kilikuwa kimefungwa. Kila Alhamisi alizipaka mafuta, akazifunga vitambaa upya, akafunga kufuli, akaondoka na funguo yake shingoni. Mwezi wa tatu wenye kiwanda wapya waliwasha mashine ishirini na nne za kufuma kwa majaribio. Siku mbili baadaye stoo ilifunguliwa mbele ya wageni waalikwa, ikakutwa tupu. Kufuli lilikuwa zima. Funguo ilikuwa palepale shingoni mwa mzee.

Hapo ndipo Bwana Hugues alipojitokeza na masikio yake. Alisema siku ya majaribio, saa nne na nusu asubuhi, alikuwa amesimama ndani ya ukumbi wa kufuma, hatua tatu kutoka mlangoni. Akamsikia Tajudini, pale mlangoni, akisema kwenye simu, "Shaba iko tayari, lete gari jioni." Na kweli simu ilikuwepo. Orodha ya kampuni ya simu ilionyesha kwamba saa nne na dakika thelathini na mbili Yasmina, binti wa Tajudini, alimpigia baba yake. Mume wa Yasmina ana lori. Mpelelezi wa kwanza aliona hapo mambo yamekwisha, akafunga faili na kwenda likizo.

Houda alipokabidhiwa faili hilo alifanya jambo moja ambalo mwenzake hakulifanya. Alikwenda kusimama ndani ya ukumbi mashine zikiwa zimewashwa. Fundi Hamimu alimpigia kelele kutoka hatua tatu naye hakuambulia hata neno moja, mpaka mdomo ulipogusa mtandio wake. Alitoka masikio yakimlia kama nyuki. Tangu siku hiyo aliamini kuwa Hugues ni mwongo, ila kuamini ni kitu kimoja na kuthibitisha ni kingine.

*

Asubuhi hiyo alianzia Buyenzi, kwa Mama Fatouma, aliyekuwa mfumaji wa Teximbo tangu usichana wake. Houda alikulia mitaa miwili kutoka hapo na hakuhitaji kuelekezwa mlango.

"Ingia mwanangu, ingia. Viatu acha palepale."

Mama Fatouma alikuwa kwenye mkeka, macho kwenye televisheni, akicheka peke yake. "Umuone huyu! Anasema mvua itakuya kesho. Tangu juzi anasemaka ni kesho."

Houda alikaa, akapokea kikombe cha chai, akaitazama televisheni. Mtangazaji alikuwa anafungua na kufunga mdomo, lakini chumbani hapakuwa na sauti isipokuwa ya kuku wa jirani.

"Mama Fatouma, mbona televisheni haisemi?"

"Ilikufa sauti tangu Ramadani. Watoto wanataka kuipeleka kwa fundi. Mi nawaambia ya nini? Picha si iko?"

"Na we unajuaje huyu anasema nini?"

Mama Fatouma alimtazama kwa huruma, kama mtu anayeulizwa na mgeni choo kiko wapi ndani ya nyumba ya chumba kimoja. "Houda, mi nilifanya kazi mu tisaji, mule tunafumaka, miaka makumi mbili na mbili. Mule ndani masikio haina kazi. Mule tunasemaka na midomo. Mutu ako mashine ya kwanza, mwingine ako mashine ya makumi ine, wanapiga habari za arusi asubui muzima na hakuna sauti inatoka. Unasoma tu mudomo."

"Wote mnaweza?"

"Wote. Ukikosa kujua kusoma midomo, utakaa mule miaka na hakuna mutu atakusalimia."

Akaanza kuhadithia, na Houda hakumkatiza, kwa sababu mzee anayekumbuka vizuri ni shahidi wa bei. Alihadithia king'ora cha saa kumi na moja na nusu alfajiri kilichoamsha Buyenzi nzima, hata wasiokuwa na kazi. Alihadithia pamba iliyoshuka kutoka nyanda za Imbo kwa malori hadi barabara ikawa nyeupe. Zamu zilikuwa tatu, usiku na mchana, watu elfu na mia mbili. Bibi harusi wa Bujumbura aliyevaa kitu kisichotoka Teximbo alisemwa hadi siku ya kujifungua. Halafu vita vikaja, na vikwazo nyuma yake, vipuri vikakosekana, mashine moja ikaanza kuliwa vyuma ili nyingine iishi. Halafu mitumba na vitenge vya rahisi kutoka nje. Zamu tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja, na siku moja king'ora hakikulia, Buyenzi wakachelewa kuamka.

"Nililia," alisema Mama Fatouma wazi. "Mume wangu alipokufa nililia, na kiwanda kilipokufa nililia. Mwaka huu walipotuita turudishe mikono ku mashine, nikalia tena, lakini ile ilikuwa ya furaha."

"Siku ile ya majaribio ulimwona Mzee Tajudini na simu?"

"Nilimuona. Simu ilimutikisika mu mufuko, akaiweka ku sikio, akakimbia inje. Mule ndani huwezi kusikia simu."

"Alisema nini?"

"Alikuwa ametupatia mugongo. Mugongo haina mudomo."

"Mbona hukumwambia polisi kwamba alitoka nje?"

"Ule polisi wa kwanza aliniuliza, alikuwa na simu? Nikasema ndiyo. Akaandika, akafunga daftari, akaenda. Ningemushika shati?"

Houda aliweka kikombe chini. Kulikuwa na swali moja tu limebaki, na aliliuliza taratibu. "Na Bwana Hugues? Anajua kwamba nyinyi mnasoma midomo?"

Mama Fatouma alicheka mpaka akashika mbavu. "Yule? Alikuwa anapita mu tisaji na pamba mu masikio, dakika mbili, mbio ku biro, mu ofisi yake. Miaka kumi na moja tulimusema mbele ya macho yake, suruali yake, tumbo yake, vyote. Yeye anatuchekea tu, anazani tunatafuna karanga!"

Houda naye alicheka. Kisha akainuka, akamwomba Mama Fatouma aende amtafute Caritas na Fabiola, wenzake wa zamani, na wote watatu wawe kwenye mashine zao saa nane mchana. Akamweleza wafanye nini. Mama Fatouma alisikiliza bila kupepesa.

"Na tusimwambie mutu?"

"Hata kwa midomo."

*

Laure, naibu wa mwendesha mashtaka, alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, na alipenda sheria kuliko alivyopenda chakula cha mchana. Alimsikiliza Houda akiwa amesimama.

"Unataka kuigiza upya tukio siku nne kabla ya kesi?"

"Sheria inaruhusu, Madame Substitut."

"Sheria naijua, Inspekta. Ninachouliza ni kama unajua unachokitafuta."

"Natafuta kujua kama mtu anaweza kusikia sentensi ya simu mahali pale. Hiyo ni sehemu ya kwanza."

"Na ya pili?"

Houda akamwambia ya pili. Laure alivua miwani, akaifuta, akairudisha. 

"Ukikosea," alisema mwishowe, "wakili yeyote atatucheka mpaka Gitega. Ukipatia, bado utahitaji kibali cha upekuzi, na kuingia kwa mtu baada ya saa kumi na mbili jioni hakuruhusiwi. Kwa hiyo kama unataka kitu leo, kitake mapema. Nitakuja mwenyewe."

*

Bwana Hugues aliteremka kutoka nyumbani kwake Kiriri saa nane na robo, ndani ya gari safi kuliko ukumbi wowote wa harusi. Alikuwa mtu wa miaka sitini, suti ya kijivu, sauti ya kuamuru. Alikuja na Lisette, aliyekuwa katibu wake enzi za kiwanda, ambaye siku hizi alikuwa akinunua na kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenye depo yake kusini mwa mji. Lisette aliandikwa kama shahidi wa kuthibitisha kwamba bosi wake alikuwa kiwandani siku ile. Wote wawili walikabidhi simu zao getini kama watu wengine wote, Laure akiwemo.

"Bonjour, Inspekta," alisema Hugues. Aliendelea kwa Kifaransa, akisema yuko tayari kusaidia haki wakati wowote, ingawa kwa maoni yake haki ilikwisha kumpata mwenyewe. Na wafanyakazi aliwasalimu kwa Kifaransa hichohicho, kama alivyofanya miaka yote, na wao wakajibu kwa kuinamisha vichwa. Mama Fatouma alikuwa kwenye mashine ya saba, Caritas kwenye ya nane, Fabiola kwenye ya kumi na tano, upande wa pili wa njia.

Houda alipanga watu kwa chaki sakafuni. Hugues akasimama alipodai alisimama, Lisette ubavuni mwake. Brigadier Sylvère, aliyekuwa na sauti nene kuliko wote katika brigedi, akasimama mlangoni na simu sikioni, mahali pa Tajudini. Laure akamkabidhi kikaratasi chenye sentensi aliyoiandika mwenyewe, ambayo hata Houda hakuijua.

"Sylvère atasoma mara tatu," alisema Houda. "Bwana Hugues, ukisikia, andika."

Hamimu akavuta mkono wa umeme.

Aliyewahi kusimama katikati ya mashine ishirini na nne za kufuma hahitaji kuelezwa, na ambaye hajawahi hawezi kuelezwa. Sakafu ilitetemeka mpaka kwenye meno. Sylvère alionekana akisoma, mishipa ya shingo imemtoka. Hugues alisimama na kalamu yake. Alikunja uso, akasogeza sikio, akaandika kitu. Hamimu akazima.

Laure alichukua karatasi ya Hugues. Ilikuwa imeandikwa, "Gari liko njiani." Kisha akasoma kwa sauti ile aliyompa Sylvère. "Bibi yangu anafuga sungura wanne."

Mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko, na huyo alikuwa Hamimu.

Hugues hakubabaika. "Siku ile mashine zilikuwa chache."

"Daftari la ukumbi linasema ishirini na nne," alijibu Houda. "Saini ya chini ni yako. Ulikuwa mgeni rasmi."

"Basi yule mzee alipiga kelele zaidi."

"Inawezekana. Tutarudia, kwa kelele zaidi."

Halafu Houda akafanya alilokuja kulifanya. Alimgeukia Laure na kusema, si kwa sauti kubwa wala ndogo, bali kwa sauti ya mtu anayepanga kazi yake. "Madame Substitut, nisije nikasahau. Lile lori la mkwe wa Tajudini lilionekana barabara ya kusini mwezi wa tatu. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunaanza kukagua depo zote za upande ule, Kanyosha mpaka Ruziba, moja baada ya nyingine."

Lori hilo lilikuwa limebeba vitunguu, na Houda alijua. Lakini kuonekana, kweli lilionekana.

"Sawa," alisema Laure. "Kesho asubuhi."

Hugues alipiga kope mara mbili. Lisette alishika mkoba wake kwa mikono yote miwili.

"Hamimu, washa!"

Mashine zikaunguruma tena. Sylvère akaanza kunguruma naye. Houda alitazama saa yake, kisha akafanya jambo lililomgharimu kuliko yote ya siku hiyo, maana alikuwa mpelelezi na macho ndiyo kazi yake. Aliwageuzia Hugues na Lisette mgongo. Laure naye akageuka. Akahesabu moyoni mpaka sitini, akitazama uzi mweupe ukipanda na kushuka, akiomba kwa Mola kwamba mtu mwenye hofu hawezi kunyamaza dakika nzima.

Hamimu akazima. Hugues alikuwa amesimama palepale kwenye chaki yake, mikono nyuma, ametulia kama kwenye picha ya paspoti.

"Sikusikia vizuri," alisema. "Nimekuwa mzee, Inspekta."

"Hakuna shida. Tutaandika maelezo yako mapya. Hamimu, wape wageni chai."

*

Wanawake watatu waliingizwa kila mmoja mahali pake, Mama Fatouma kwenye stoo ya nyuzi na Houda, Caritas barazani na Laure, Fabiola kwenye kibanda cha mlinzi pamoja na Sylvère. Dakika kumi baadaye karatasi tatu zilikuwa juu ya boneti ya gari la Laure.

Ya Mama Fatouma ilisema, "Tukitoka hapa, piga simu Ruziba. Watoe shaba chini ya ndagala leo, waiweke mu mutumbwi."

Ya Caritas ilisema, "Ukishika simu yako, uwapigie ba Ruziba. Ile shaba itoke chini ya ndagala leo leo."

Fabiola hakuwa ameuona mdomo wa Hugues hata kidogo, kwa kuwa alikuwa upande wa Lisette. Karatasi yake ilikuwa na mstari mmoja. "Nilikuambia zamani tuiuzishe, ukasema tungoje ule muzee akatiwe kwanza."

Laure aliusoma mstari huo mara mbili. Damu ilikuwa imempanda usoni. "Tungoje mzee ahukumiwe," alirudia. "Mtu wa miaka sitini na saba."

"Walisema kwa lugha gani?" Houda aliwauliza wanawake, waliokuwa wamesimama pembeni wamefunga mikono.

"Kirundi," alisema Mama Fatouma. "Na ingekuwa Kifaransa angetushinda, juu Kifaransa ya mudomo wake hatuijue vizuri. Miaka yote anatubwekea Kifaransa. Leo bwoga ikamutoa Kifaransa yote mudomoni!"

"Inspekta," alisema Laure, "midomo si ushahidi. Hakimu hatakubali."

"Si ushahidi, Madame Substitut. Ni anwani."

Laure alimtazama. Kisha akatoa fomu kwenye mkoba, akaiandika palepale juu ya boneti lenye joto, akapiga mhuri wake kwa nguvu hadi kalamu ikaruka. Saa ilikuwa kumi na dakika ishirini.

"Na hawa wawili?"

"Sylvère atawasomea maelezo yao ili wasaini," alisema Houda. "Neno kwa neno. Sylvère, we ukisoma polepole unaweza kufika wapi?"

Brigadier Sylvère alijinyoosha. "Kama wakitaka kuelewa vizuri, Inspekta, mpaka magharibi."

*

Barabara ya kusini ilikuwa imejaa watu wanaorudi kutoka kazini na baiskeli za ndizi. Dereva alipiga honi mpaka Kanyosha, akaendelea kupiga. Laure alikaa nyuma, saa mkononi. Polisi wanne waliwafuata katika gari la pili. Saa kumi na moja na dakika kumi waliingia Ruziba, na harufu ya samaki iliwapokea kabla ya watu.

Depo ya Lisette ilikuwa jengo refu la bati, mita mia kutoka majini. Mlinzi alisema mwenye mali hayupo. Laure alimsomea kibali mwanzo hadi mwisho, akamwita mkuu wa mtaa awe shahidi, kisha mlango ukafunguliwa. Ndani kulikuwa na magunia ya ndagala yamepangwa mpaka karibu na bati.

"Toeni," alisema Houda.

Gunia la kwanza, la kumi, la thelathini. Polisi walikohoa, vumbi la samaki likiwaingia puani. Gunia la hamsini. Saa kumi na moja na nusu. Chini ya magunia kulikuwa na sakafu ya saruji, kavu, tupu. Polisi mmoja alimtazama Houda kwa jicho la pembeni. Laure alitazama saa yake. Houda aliona uso wa mzee Tajudini nyuma ya nondo, akimwambia wiki iliyopita, "Mwanangu, mi sitaki kutoka kwa huruma. Nataka kutoka kwa ukweli."

Akajirudi. Wanawake wale hawakukosea. Mama Fatouma na Caritas waliulizwa kila mmoja mahali pake, na neno ni lilelile, chini ya ndagala.

"Mlinzi," aliuliza, "ndagala mbichi mnaanikia wapi?"

Mlinzi alitazama miguu yake, na hilo lilikuwa jibu tosha.

Nyuma ya jengo, kuelekea ziwani, kulikuwa na vichanja kumi vya mbao, ndagala zimetandazwa juu ya nyavu, zinang'aa kwenye jua la jioni. Tisa vilisimama juu ya miguu myembamba. Cha kumi kilikuwa kimezungushiwa turubai mpaka chini. Houda alichuchumaa, akalifunua.

Kwanza aliona kitambaa. Kitenge cha zamani, cha maua ya njano, kimefungwa kwa fundo la uangalifu. Kisha kingine, na kingine, safu nne, zimelala kama watoto kwenye mkeka mmoja. Akafungua fundo la kwanza. Shaba ilikuwa imeanza kufifia, lakini ndege waliochongwa juu yake walikuwa wazima, manyoya yote. Kwenye ncha kulikuwa na kibandiko cha kitambaa chenye jina la kitenge kwa mwandiko wa Tajudini, "Jirani Usinitazame." Iliyofuata iliandikwa, "Mume Amerudi." Nyingine, "Arusi ya Alhamisi."

"Hesabuni!" alipaza sauti.

Walihesabu wakizibeba mbili mbili. Thelathini na nane. Arobaini. Ya mwisho ilitoka saa kumi na moja na dakika hamsini na moja, na wavuvi waliokuwa wamekusanyika wakahesabu pamoja na polisi, "Arobaini na mbili!" wakapiga makofi bila kujua wanashangilia nini. Houda alijua, naye akapiga. Laure, mtu wa sheria, aliandika saa kwenye fomu, akaweka kalamu chini, akapiga makofi pia.

*

Walipowasili kiwandani taa zilikuwa zimewashwa. Brigadier Sylvère alikuwa ukurasa wa tatu. Lisette alikuwa ameshika kichwa. Hugues aliinuka kwa hasira.

"Inspekta, haya ni mateso! Huyu mtu anasoma kama mtoto wa shule!"

"Bwana Hugues, uko chini ya ulinzi. Tumezikuta rulo zote Ruziba, chini ya kichanja cha ndagala. Na wewe mwenyewe ndiye uliyetuelekeza."

"Mimi? Mimi sikukuelekeza popote."

"Ulimwambia Lisette apige simu Ruziba, shaba itoke chini ya ndagala leo. Tulikusikia."

Uso wa Hugues ulibadilika. Akasahau suti, akasahau Kifaransa, akapiga meza. "Uongo! Mashine zote zilikuwa zinaunguruma! Mule ndani hakuna mtu anayeweza kusikia neno hata moja!"

 Hata Hamimu aliacha kuosha vikombe.

"Andika hiyo, Brigadier," alisema Laure kwa upole. "Neno kwa neno. Na saa uiweke."

Hugues aligeuka. Alimtazama Lisette, lakini Lisette alikuwa amekwisha kuanza kusema. Alisema kwamba kufuli lililetwa na funguo mbili tangu zamani, kwamba mkurugenzi alibaki na moja, kwamba iko kwenye droo ya meza yake Kiriri, ya kushoto, chini ya soksi. Alisema mengi, haraka, na safari hii Sylvère aliandika mbio.

*

Jumatatu faili lilifika mahakamani kweli, ila lilikuwa na jina lingine juu yake.

Tajudini aliachiwa saa tatu asubuhi. Yasmina alikuwa amepika pilau na majirani wote wa Buyenzi walikuwa wamejipanga barabarani, lakini mzee alimwambia dereva apite kwanza kiwandani. Houda alikuwepo. Alikuwa amesimama mwisho kabisa wa ukumbi wa kufuma, mashine ishirini na nne zikinguruma, akimtazama Hamimu na vijana wake wakiingiza rulo stoo kwa mkokoteni.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Mzee aliingia amekonda, kanzu imempwaya, kofia imenyooka. Hakuna aliyemsikia akiingia, na hata hivyo kwa dakika moja ukumbi mzima ulikuwa unamwambia karibu, karibu, karibu, midomo ishirini na nne bila sauti. Mama Fatouma alikuwa analia na kucheka, mikono haiachi uzi. Tajudini aliweka mkono kifuani, akawajibu mmoja mmoja. Kisha akainua macho, akamwona Houda kule mwisho, hatua hamsini, katikati ya ngurumo ile yote.

Akasema kitu. Neno moja, mdomo wazi, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto.

Mama Fatouma aligeuka haraka kumtafsiria Houda. Lakini Houda alikuwa amekwisha kufungua mkoba. Alitoa bahasha ya vielelezo, akavunja lakiri yake, akaanza kutembea kuelekea mlangoni, ameinua mkono juu ili watu wote waone alichoshika. Ilikuwa funguo ya stoo, bado na uzi wake wa shingoni.